Samadi ya Zizi Lililohamwa

Ninyi siku hizi mnaitwa maafisa ugani, na mnafika shambani kwa pikipiki. Sisi tuliitwa mabwana shamba na tulifika kwa miguu, au kwa baiskeli kama mnyororo ulikuwa mzima. Mwanamke aliitwa bibi shamba hata kama alikuwa msichana aliyetoka chuoni juzi, kwa hiyo mimi nilianza kuitwa bibi kabla sijaolewa. Mwanzoni lilinichekesha. Baadaye nikaona lina faida yake, maana mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi hana muda wa kumsikiliza msichana, lakini bibi anaweza kumvumilia kidogo.

Mmeniomba niwaeleze habari za samadi na mabaki ya shamba. Nimeishi na vitu hivyo maisha yangu yote ya kazi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hahitaji nibishe hodi, harufu ilifika mlangoni kabla yangu. Yapo ya kitaalamu ambayo mmeyasoma vizuri kuliko mimi, hayo nitayapita haraka. Ninalotaka kuwaachia ni jambo moja lililotokea upande wa Samuye, katika kijiji ambacho jina lake nitaliweka moyoni, kwa sababu wenyewe na watoto wao bado wapo.

Lakini nianze na aliyenilea kazini. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ushirombo, karibu na nyumbani kwetu, na mkubwa wangu alikuwa Bwana Barnabas, Msumbwa kama mimi, mrefu, mkimya, anayeinamia lundo la samadi kama mpishi anavyoinamia sufuria. Alikuwa anachota konzi moja, anaifumba, ananusa, halafu ananipa na mimi ninuse. Ikikuwasha macho kwa harufu ya mkojo, alisema, iache ilale. Ikinuka kama ardhi iliyopigwa na mvua ya kwanza, ipeleke shambani. Alichoma fimbo katikati ya lundo, akaiacha hapo tukazungumza mambo mengine, kisha akaichomoa na kunishikisha. Fimbo ikitoka ya moto, kazi inaendelea humo ndani. Ikitoka ya baridi na kavu, lundo limekufa njaa ya maji, na inabidi ulimwagie maji na kuligeuza.

Mimi nilikuwa na haraka. Msimu wangu wa kwanza nikawaambia akina mama wa kikundi fulani waweke mavi mabichi ya ng'ombe kwenye mashimo ya mahindi, wapande siku hiyohiyo. Mahindi yakaota, yakakauka ncha, yakawa ya manjano kama yamebabuliwa. Mama mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama nimekuja kuwafundisha kuchoma mahindi bila kiberiti. Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Barnabas hakunigombeza. Alikuja, akawasalimu wale akina mama mmoja mmoja, akasaidia kupanda upya, na njiani kurudi akaniambia kwamba mkulima atakusamehe ukikosea mbolea, ila hatakusamehe ukijifanya hukukosea.

Alinifundisha pia habari ya makapi ya mpunga. Pale mjini palikuwa na mfanyabiashara mmoja, Mhindi, mwenye mashine ya kukoboa, na nyuma ya mashine kulikuwa na mlima wa makapi ambao alifurahi yeyote akiupunguza. Vijana wengi wanayamwaga shambani vilevile yalivyo, halafu wanashangaa mazao yanadhoofu. Makapi makavu yakianza kuoza yanakula chakula cha udongo kwanza. Yatandike kwanza zizini, ng'ombe wayalalie, wayakojolee, wayakanyage. Yakitoka hapo ni kitu kingine kabisa. Na mabua ya pamba nayo yalikuwa na utata wake. Tulikuwa tunawakataza watu kuchoma mabaki ya shamba, halafu pamba ikishavunwa tunawaamuru wang'oe mabua na kuyachoma yote. Watu walituuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba wadudu wa pamba hulala ndani ya mabua wakingoja msimu mwingine. Hayo choma, lakini majivu yarudishe shambani.

Sasa niwaambie habari ya Samuye.

Nilihamishiwa huko watu wakiwa wameshahamia vijijini kwa amri ya serikali. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, uwanja wa shule katikati, na mashamba yote yakiwa yamebanana kuzunguka kijiji. Ardhi yenyewe ilikuwa ya kichanga, ile Wasukuma wanayoiita luseni, nyepesi kulima lakini inachoka upesi. Kule walikotoka, kila mji, yaani boma la familia moja, ulikuwa peke yake na zizi lake na shamba lake kando ya zizi. Hapa walilima palepale kila mwaka, na ng'ombe wengi walikuwa wamepelekwa malishoni mbali, kwa hiyo mazizi mapya ya kijijini yalikuwa na vumbi tu. Nilipofika, mtama ulikuwa mfupi na mwembamba, na katikati yake kimeota kiduha. Mnakijua kiduha, kile kimea chenye maua ya zambarau kinachonyonya mizizi ya mtama. Kina sura nzuri sana. Ukikiona kimechanua shamba zima, jua udongo umechoka na watu watalala njaa.

Nilikuwa nasema kila mkutano: samadi ni mali. Nilisema shuleni, nilisema kisimani, nilisema kwenye foleni ya dukani. Watu wakanibandika jina la Bibi Samadi. Waliokuwa na ng'ombe walinisikiliza kwa adabu. Wasiokuwa na ng'ombe waliniuliza waitoe wapi. Niliwafundisha kufukia majani na mabua kwenye mashimo, lakini mchwa wa kule walikuwa na njaa kuliko sisi.

Mwishoni mwa mstari wa mwisho wa nyumba alikaa mjane mmoja, Mama Kabula. Mume wake alifariki mwaka mmoja baada ya kuhamia. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja, na alikuwa na watoto wadogo watatu. Kiwanja alichopewa kilikuwa sehemu mbaya zaidi, karibu na ardhi ngumu isiyopitisha maji. Nilipita hapo siku moja nikasimama. Shamba lake lilikuwa kama la wenzake, isipokuwa ukanda mmoja upande wa nyumba, ambapo mtama ulikuwa umenipita kimo, wenye kijani kilichokolea, na kiduha hakuna.

Nikamsalimu, nikamsifu, nikamuuliza amefanya nini. Akatazama pembeni akasema ni Mungu tu. Niliinama nikachota udongo. Ulikuwa na chembe nyeusi zinazovunjika kwa kidole. Nikanusa. Haikuwa samadi ya mwaka ule wala ya mwaka uliopita. Ilikuwa imelala miaka mingi sana.

Hakunificha baadaye, kwa sababu aliona nimeshajua. Alikuwa akienda kutafuta kuni kwenye matongo, yaani mahame, kule watu walikoishi zamani. Chini ya tenga anaweka samadi, juu anapanga kuni. Alikuwa anaitoa kwenye zizi la zamani la Mzee Malale, tajiri wa ng'ombe, ambaye mji wake na mji wa mume wa Mama Kabula ilipakana. Zizi lile lilikuwa limekaliwa na ng'ombe tangu enzi za baba yake Malale, na samadi ndani yake ilifika mapajani. Safari ya kwenda na kurudi ilimchukua nusu ya siku, na tenga moja halifuniki hata tuta moja la mtama. Nilipotazama tena ule ukanda wa kijani, niliona shingo yake na mgongo wake.

Nilimwambia jambo ambalo Bwana Barnabas angeniambia mimi, kwamba kitu kina mwenyewe, aende kwa Mzee Malale akaombe. Mama Kabula alikuwa akipepeta mtama. Hakuacha kupepeta.

"Nikiomba akakataa, nitakuwa nimeomba na nimekosa," alisema. "Sasa hivi sijaomba."

Lilikuwepo tatizo la pili. Mwenyekiti wa kijiji hakutaka watu wazoee kwenda matongo. Aliona mtu anayekwenda kule leo kuchukua kuni, kesho atakwenda kulima, na keshokutwa atajenga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana kidogo kwa cheo kile, na alikuwa ameaminiwa kazi ya kuwaweka watu pamoja, akaogopa kuonekana ameshindwa.

Sikuripoti kwa mwenyekiti wala sikumtia moyo Mama Kabula. Nilijiambia nitatafuta siku nzuri ya kuzungumza na Mzee Malale mwenyewe. Siku nzuri haikufika mapema. Watoto wa Malale walikwenda matongo kumtafuta mtamba aliyepotea, wakakuta zizi la babu yao limechimbwa. Walikaa wakangoja, na Mama Kabula alipofika na tenga lake, wakamleta kijijini na tenga lile kichwani, kuni zikiwa zimetupwa kando ili kila mtu aone kilicho chini.

Baraza likaitishwa uwanja wa shule. Watu walikuja wengi, na wengi wao walikuja kucheka, maana hawakuwahi kusikia kesi ya namna ile. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa akiuliza kwa sauti kama siku hizi mavi nayo yanaibwa. Mzee Malale alikaa mbele kwenye kigoda chake, shuka jeusi begani, hakumtazama mtu. Alipopewa nafasi alisema maneno machache. Mtu ameingia katika zizi la baba yake bila hodi, akachimba, akachukua. Anataka mtu huyo ajibu kama wezi wengine wanavyojibu. Akakaa.

Watu wakaanza kugawanyika. Wengine walisema mahame ni mahame, ukishahama umeacha, kilichobaki ni takataka. Wengine walisema mtu hahami na kuacha haki yake. Kelele zikazidi. Ndipo mwenyekiti akainua mkono, akanigeukia mimi.

"Bibi Shamba, wewe ndiye mtaalamu. Samadi ni mali au ni takataka?"

Vijana wangu, nimefanya mitihani mingi, lakini ule ndio ninaoukumbuka. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu walewale niliowaambia miaka yote ile kwamba samadi ni mali. Nikisema mali, mama huyu mwizi. Nikisema takataka, atakwenda nyumbani huru, na mimi nisifungue mdomo tena katika kijiji kile. Na haikuwa hofu ya heshima yangu peke yake. Niliona kwamba nikisema takataka, kesho yake kila mtu ataamini ni takataka, na mtama wao utaendelea kuliwa na kiduha. Mama Kabula alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anatazama vidole vyake. Alikuwa mtu pekee pale ambaye hakunitazama.

"Ni mali, Mwenyekiti," nikasema.

Kicheko kilikwisha. Mwenyekiti akasema basi, kama ni mali, kuna kosa, na wazee walionong'onezana naye wakataja faini ya mbuzi. Mama Kabula hakuwa na mbuzi, na kila mtu pale alijua. Nilirudi kukaa. Nilijua nimesema kweli, na ile kweli ilinikaa kifuani kama ugali mkavu.

Mwenyekiti akamuuliza mshitakiwa kama ana la kusema. Mama Kabula akasema, kwa Kisukuma, sauti ya chini kiasi kwamba watu walisogea, kwamba ni kweli amechukua, hakatai. Amechukua upande wa ndama tu.

Hapo Mzee Malale aliinuka, akamwelekea Mama Kabula.

"Mimi sina shida na samadi. Umechimba juu ya baba yangu."

Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui. Zamani, kwa Wasukuma wa kule, mwenye mji akifa alizikwa zizini kwake, ng'ombe wake wakamkanyagia mpaka kaburi likalingana na ardhi. Hakuna msalaba, hakuna jiwe. Wanaojua ni waliokuwapo. Mimi nilikuwa nimekaa pale miaka miwili nikihubiri samadi, na sikuwahi kumuuliza mtu yeyote ndani ya mazizi yale ya zamani amelala nani.

Mama Kabula akainua uso.

"Baba, siku ile marehemu mume wangu alishika jembe," alisema. "Mimi nilikuwa nasaga unga wa wageni. Ninajua alipolala mzee. Sijafika upande huo."

Malale akachukua kigoda chake. Akasema, basi twende tukaone.

Tulikwenda asubuhi yake. Mzee Malale, wanawe wawili, mwenyekiti, Mama Kabula na mimi. Nilikuja kuelewa tukiwa tumeshakaribia kwamba mzee yule hakuwahi kurudi pale tangu siku ya kuhama. Ng'ombe wake walichungwa upande mwingine kabisa kwa amri yake. Kadiri tulivyokaribia, ndivyo alivyopunguza mwendo, mpaka wanawe wakawa wanamsubiri kila mara wakijifanya wanatazama ndege.

Mji ulikuwa umebaki mafiga, kipande cha mtungi, na mibarika iliyojiotea kila mahali nyumba zilipokuwa. Ua wa minyaa ulikuwa umeshakuwa miti. Mzee Malale alipofika kwenye lango la zizi alishika nguzo moja iliyobaki, akasimama hapo akaipapasa. Hatukumharakisha.

Upande wa ndama ulikuwa umechimbwa kwa utaratibu, kingo zimenyooka, kama mtu anayekata mkate wake kidogo kidogo ili udumu. Upande wa lango, ambako ng'ombe wakubwa walikuwa wakilala, haukuguswa. Na katikati ya upande ule kulikuwa na miiba. Matawi ya miiba yamepangwa kwa duara, ya zamani yameoza chini, mapya yamewekwa juu. Mapya yalikuwa bado na majani.

Mzee Malale akauliza nani ameweka miiba hii. Wanawe wakatazamana. Mama Kabula akasema mvua ikinyesha, samadi inakuwa laini, na nyegere na fisi wanafukua.

"Ninachukua kitu hapa," alisema. "Niliona aibu kuondoka bila kufanya chochote."

Mzee alichuchumaa karibu na ile miiba. Sikusikia alichosema, wala halikuwa la kusikilizwa na sisi. Alipoinuka alimwomba mwanawe mkubwa jembe. Tulidhani atapalilia mahali pale. Badala yake alivuka mpaka upande wa ndama, akachimba, polepole kwa sababu umri ulikuwa umekwenda, akajaza tenga la Mama Kabula yeye mwenyewe. Mwenyekiti akaona haya kidogo, akakumbusha kwamba jana baraza limekubaliana samadi ni mali na faini imetajwa.

"Ni mali," Malale akasema. "Ni yangu. Nimempa."

Tulipokuwa tunarudi, aliniacha nimfikie, tukawa tunatembea sambamba. Nilitaka kuomba radhi kwa mambo mengi, sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema kama ningejibu takataka pale barazani, asingekuwa na neno la kuongeza. Angerudi kwake akijua kwamba kazi yote ya baba yake, ng'ombe wale wote na miaka ile yote, imehesabiwa kuwa uchafu mbele ya watu. Nilikuwa nimefikiri jibu langu limemuumiza Mama Kabula tu. Sikuwa nimefikiri kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa analingoja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, ingawa si kama katika vitabu. Mwenyekiti aliruhusu watu waende matongo kuchukua samadi, kila mji kwenye zizi lake au kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sharti kwamba hakuna atakayepiga hata kambi. Mikokoteni ilikuwa michache. Wengi walitumia gogo lenye panda linalokokotwa na ng'ombe, wamefunga tenga kubwa juu yake, na njia ile ikawa na mfereji kama mto mkavu. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza kweli. Watu walimwaga malundo madogo shambani wakayaacha juani wiki nzima, upepo ukapeperusha nusu. Niliwafuata shamba kwa shamba. Peleka karibu na mvua, tawanya na kufukia siku hiyohiyo. Kama ni kidogo, usitawanye, weka konzi moja kwenye kila shimo na uchanganye na udongo ndipo upande mbegu. Na usitazamie kiduha kiishe mwaka huohuo. Kinapungua msimu baada ya msimu, huku wewe ukiking'oa kabla hakijachanua.

Mwaka wa kwanza mvua ilikatika katikati. Mtama wa kijiji kizima uliteseka. Mashamba yaliyokuwa yamewekwa samadi yalivumilia kidogo zaidi, kwa sababu ile samadi ya zamani hushika maji kama sponji, lakini hakuna aliyejaza ghala. Wapo walioniambia wamevunja migongo bure. Mwaka wa pili ndipo walipokubali. Mzee Malale hakusema lolote kuhusu mavuno yake, alinitumia tu kibuyu cha maziwa ya mgando. Mama Kabula alivuna akauza kidogo, akanunua mtamba mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Alimjengea zizi dogo mlangoni kwake, na kila asubuhi alikuwa analifagia kama mtu anavyofagia sebule.

Baadaye nikahamishwa tena, safari hii upande wa Geita, Nyarugusu, kwa wachimbaji wa dhahabu. Huko nilikutana na uchafu wa namna nyingine. Akina mama waliokuwa wakiwapikia wachimbaji walitupa maganda ya ndizi na mihogo na majivu ya jikoni ovyo, inzi wakajaa. Niliwashawishi wafukie kwenye mashimo mafupi yaliyoachwa, wapande maboga juu. Wachimbaji walinitania kwamba hata Bibi Shamba ameingia kwenye duara, shimo lao la dhahabu, kutafuta mali. Maboga yalistawi sana. Lakini sikilizeni vizuri hapa: marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, msiusogeze karibu na mboga hata siku moja, kwa sababu ya zebaki. Si kila kilichobaki kinafaa kurudishwa kwenye udongo. Kabla sijapanda kitu kwenye shimo lolote kule, niliuliza kwanza palifanyika nini. Tabia hiyo ya kuuliza niliitoa Samuye.

Miaka ya themanini, amri ya kukaa kijijini ilipolegea, watu wengi walirudi matongo. Nilipata likizo nikapita kuwasalimu. Mzee Malale alikuwa amefariki, amezikwa kijijini kwenye zizi lake jipya, kama mwenyewe alivyoagiza. Mama Kabula alikuwa na ng'ombe kadhaa na wajukuu, na mgongo umeanza kupinda. Nilimkuta amevaa kitenge kizuri, anajiandaa kutoka. Aliniambia kama nina nguvu za kutembea tufuatane.

Watoto wa Malale ndio waliokuwa wamemwita. Walikuwa wamerudi kwenye mji wa babu yao na kulima palepale palipokuwa na zizi. Samadi yote ilishachukuliwa miaka mingi, miiba imeoza, lango limeanguka, na udongo umelimwa ukasawazishwa. Siku ya kuhama walikuwa vijana wa kuchunga mbali, na walipokwenda na baba yao mara ile ya baraza hawakuweka alama. Wazee waliokuwapo mazishini walikuwa wamekwisha. Walitembea shambani wakibishana, huyu anasema hapa, yule anasema pale, na kati yao karanga zilikuwa zimechanua vizuri.

Mama Kabula hakubishana na mtu. Alisimama ukingoni akatazama minyaa, akatazama kilima kilicho mbele, akageuka akakitafuta kilima cha pili. Kisha akavua kandambili, akaingia kati ya matuta taratibu bila kukanyaga karanga, akasimama.

"Hapa," alisema. "Kichwa kiko huku, miguu inaelekea kule."

Mwana mkubwa wa Malale akavua kofia. Mdogo wake akakimbia kukata vipande vya minyaa vya kupanda kuzunguka mahali pale. Nilimwambia Mama Kabula aje kivulini akae, jua lilikuwa kali. Akakataa. Alisema akisogea, hawa watoto wataanza kubishana tena. Akabaki amesimama palepale, mikono nyuma, mpaka kipande cha mwisho cha minyaa kikapandwa na duara likafungwa, na ndipo wakampa mkono kumvusha nje.